Jinsi ya kutoa maoni yanayomsaidia mpiga picha za ndege na viumbe wa porini

Mtu anapokuonyesha picha ya ndege aliyoipiga mwenyewe, unaona sehemu ndogo tu ya kazi yake. Huoni saa alizokaa kimya amejibanza nyuma ya kichaka, wala mamia ya picha alizozifuta kwa sababu ndege aligeuza kichwa wakati kidole kikibonyeza. Majibu mawili anayoyapata mara nyingi zaidi ni "Nzuri sana!" na "Haina ukali", na yote mawili humwacha palepale alipokuwa, kwa kuwa la kwanza halimwambii arudie nini na la pili halimwambii abadilishe nini. Mwongozo huu unafuata kanuni moja niliyoifikia baada ya kutazama picha nyingi za wenzangu na kutazamiwa zangu: kila jambo unalolitaja liunganishe na chanzo chake, na kila chanzo kiunganishe na kitendo ambacho mpiga picha anaweza kukifanya atakaporudi porini au atakapoketi tena mbele ya kompyuta.

Hatua ya 1: Fahamu picha ilikusudiwa kuwa nini

Picha za ndege hupigwa kwa makusudi tofauti, na kila kusudi lina mizani yake. Ipo picha ya utambuzi, ambayo mpiga picha anaihitaji ili athibitishe kwamba ndege fulani alionekana mahali fulani. Hapo linalopimwa ni kama umbo la mdomo, rangi ya miguu, mistari ya bawa na alama nyingine za kumtofautisha ndege huyo na jamaa zake zinaonekana, hata kama mandharinyuma ni vurugu ya majani. Ipo picha ya sura, ambamo ndege mwenyewe ndiye kila kitu, na manyoya, jicho na mkao wake vinastahili kukaguliwa kwa ukaribu. Ipo pia picha ya tabia au ya mazingira, ambamo ndege anaweza kuwa nukta ndogo katika eneo pana na bado akawa kiini cha picha.

Niliwahi kumshauri mtu aikate picha ya korongo aliyesimama peke yake katikati ya bwawa lililofunikwa na ukungu wa asubuhi, ili ndege aonekane mkubwa zaidi. Alinijibu kwamba upweke wa ndege yule katika maji mapana ndio uliomfanya ainue kamera. Nilikuwa nimeijibu picha ambayo yeye hakuipiga. Tangu siku hiyo huuliza kwanza: ulitaka nione nini, na ungependa nikusaidie katika jambo gani?

Omba pia taarifa za upigaji, yaani kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga), tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga), urefu wa lenzi kwa milimita, umbali wa kukadiria na kiasi ambacho picha imekatwa. Bila taarifa hizi unaweza kueleza unachokiona, lakini chanzo chake utakuwa unakikisia.

Hatua ya 2: Itazame vizuri kabla ya kusema lolote

Skrini ya simu hudanganya pande zote mbili: huficha ukungu mdogo katika manyoya, na mwangaza wake ukiwa umepandishwa hufanya picha ya kawaida ionekane imeungua. Ikiwezekana, tazama picha kwenye skrini kubwa yenye mwangaza wa wastani, kwanza ikiwa nzima na kwa umbali wa kawaida, kisha kwa ukubwa wake kamili wa pikseli. Mpangilio huo una sababu. Ukianza kwa kukuza jicho la ndege hadi lijaze skrini, utakuwa umeshaanza kutafuta kasoro kabla ya kukutana na picha yenyewe.

Ikiwa picha imekufikia kwa njia ya ujumbe wa simu, kumbuka kwamba huenda imepunguzwa na kubanwa njiani, na ukali uliopotea huko si kosa la aliyeipiga. Mwombe faili la awali kabla ya kuhukumu ukali.

Jipe dakika nzima ya kutazama tu, kisha andika sentensi mbili au tatu za maelezo yasiyo na hukumu: jicho lako lilikwenda wapi kwanza, likahamia wapi, na likarudi wapi. "Nilianza na jani jeupe lililo kushoto, ndipo nikamwona ndege" ni taarifa ambayo mpiga picha hawezi kuipata peke yake, kwa sababu yeye anajua ndege yuko wapi tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Taja kwa jina kinachofanya kazi

Wengi huweka sifa mwanzoni ili kulainisha lawama inayokuja, na mpokeaji hulitambua hilo mara moja. Anaisoma sifa haraka huku akisubiri neno "lakini". Sifa ina kazi kubwa kuliko hiyo. Mara nyingi mpiga picha amefanya jambo zuri bila kujua kwamba amelifanya, na usipolitaja hatalirudia. Mwambie kwamba alishusha kamera hadi usawa wa macho ya ndege na ndiyo maana nyasi za mbele zimegeuka kuwa pazia laini. Au kwamba alisubiri mpaka mabawa yakawa juu kabisa, ambapo umbo la ndege anayeruka husomeka vizuri. Ikiwa huwezi kutaja kitendo mahususi kilichozaa uzuri unaouona, endelea kutazama.

Hatua ya 4: Anza na jicho

Binadamu hutafuta jicho la kiumbe kabla ya kitu kingine chochote, na picha yenye mkia mkali na jicho lenye ukungu huonekana imeshindwa hata kama mtazamaji hawezi kueleza sababu. Kagua mambo matatu.

La kwanza ni ukali wa jicho lenyewe. La pili ni nukta ya mwanga ndani yake, ile chembe nyeupe inayoakisi jua au anga. Bila hiyo, jicho jeusi katika kichwa cheusi, kama la kunguru, hupotea kabisa na ndege huonekana kama sanamu. Nukta hiyo hutegemea pembe kati ya jua na kichwa cha ndege, kwa hiyo ushauri wake ni wa vitendo: sogea hadi jua liwe nyuma ya bega lako, au subiri ndege ageuze kichwa kidogo kuelekea mwanga. La tatu ni mwelekeo wa kichwa. Kichwa kilichogeukia kamera hata kidogo tu humpokea mtazamaji, ilhali kichwa kilichogeukia upande wa pili, hata kwa kiasi hichohicho, humfungia mlango. Tofauti kati ya fremu hizo mbili inaweza kuwa sehemu ndogo ya sekunde, na ndiyo maana ni vyema kuuliza kama katika mfululizo uleule wa picha zilizopigwa kwa mkupuo hakuna fremu (picha) jirani iliyo bora zaidi.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata watoa maoni wazoefu. Ndege wana kope la tatu, utando mwembamba unaopita juu ya jicho kulisafisha na kulikinga, na kamera inayopiga fremu nyingi kwa sekunde huunasa mara kwa mara. Jicho huonekana lina rangi ya maziwa au ya kijivu, kana kwamba ndege ni mgonjwa au fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa lenzi, imekosea. Ukiona manyoya yanayozunguka jicho ni makali lakini jicho lenyewe limefifia, tatizo ni utando huo, na dawa yake ni kuchagua fremu nyingine tu.

Hatua ya 5: Tafuta chanzo cha ukungu

Hapa ndipo maoni mengi huharibika, na hapa ndipo unapoweza kumsaidia mtu zaidi kuliko mahali pengine popote. Maneno "haina ukali" yanaweza kumaanisha matatizo matano yasiyohusiana, na kila moja huacha alama yake kwenye picha. Jifunze kuzisoma alama hizo.

Chunguza kwanza kama kuna kitu kingine kilicho kikali. Ikiwa kijiti kilicho mbele ya ndege, au majani yaliyo nyuma yake, yanaonekana waziwazi huku ndege akiwa laini, basi fokasi imeangukia huko. Mfumo wa fokasi hupenda vitu vilivyo karibu na vyenye kontrasti kubwa, yaani tofauti kubwa ya mwanga na giza, na ndege aliye ndani ya matawi ni mtego wake wa kawaida. Mshauri atumie nukta moja ndogo ya fokasi aliyoiweka mwenyewe juu ya jicho, au kipengele cha kutambua macho ya wanyama ikiwa kamera yake inacho. Inafaa pia kumweleza jinsi eneo la ukali lilivyo finyu. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 500 iliyofunguliwa f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo) na kulengwa kwa ndege aliye umbali wa mita 5 hutoa ukali wa sentimita 3 hivi tu kutoka mbele hadi nyuma. Ndege mdogo aliyeelekeza mdomo kwenye kamera hawezi kuenea katika sentimita hizo; akikaa ubavu, mwili wake wote unaweza kuwa mkali kwa mipangilio ileile. Kwa hiyo ushauri bora huenda usiwe kufunga tundu hadi f/11 na kupoteza mwanga, bali kungoja ndege ageuke.

Ikiwa kila kitu, pamoja na tawi, kimevutwa kuelekea upande mmoja na nukta za mwanga zimekuwa vistari vifupi, kamera ndiyo iliyotikisika. Kanuni ya zamani inasema kwamba kwa kamera inayoshikwa mkononi, kasi ya shata isiwe ndogo kuliko moja juu ya urefu wa lenzi, kwa hiyo lenzi ya milimita 500 inahitaji angalau 1/500 ya sekunde. Vidhibiti mtikisiko vya siku hizi huruhusu kushuka chini ya hapo, lakini hudhibiti mikono ya mpiga picha peke yake. Havina uwezo wowote juu ya ndege.

Na hilo linatupeleka kwenye chanzo cha tatu. Tawi likiwa kali na kichwa au mabawa yakiwa yamefutika, ndege ndiye aliyesogea. Kwa ndege aliyetulia, 1/500 ya sekunde hutosha mara nyingi. Kwa ndege anayeruka, 1/2000 ni mahali pazuri pa kuanzia, na ndege wadogo wenye kasi kama mbayuwayu huweza kudai zaidi ya hapo. Usilitaje jambo hili kama kosa kabla ya kuuliza, kwa sababu wapo wanaoacha ncha za mabawa zifutike kwa makusudi, au wanaofuata kundi la ndege kwa 1/30 ya sekunde ili mabawa yawe michirizi ya rangi. Katika picha ya namna hiyo swali ni kama kuna sehemu yoyote, hasa kichwa, iliyobaki imara kiasi cha kumshika mtazamaji.

Chanzo cha nne husahaulika sana, nacho ni hewa. Juu ya ardhi iliyopashwa na jua, au mbele ya dirisha la gari lenye joto, hewa hucheza kama maji yanayochemka na kuipinda miale ya mwanga kabla haijafika kwenye lenzi. Picha hutoka na kingo zinazotetemeka, manyoya kana kwamba yamepakwa mafuta, na hakuna kitu chochote kikali mahali popote katika eneo la ndege, hata kama shata ilikuwa 1/4000. Umbali mrefu huzidisha tatizo. Mtu asiyeambiwa haya hununua lenzi nyingine kwa gharama kubwa kutibu ugonjwa wa mchana wa joto. Mwambie arudi asubuhi na mapema, kabla ardhi haijapata moto, au apunguze umbali ikiwa anaweza kufanya hivyo bila kumsumbua ndege.

Chanzo cha tano kimo ndani ya kompyuta: programu ya kuondoa chenga, yaani punje punje zinazojitokeza kwenye picha ISO ikiwa kubwa, imetumiwa kwa nguvu mno, na manyoya yamekuwa kama nta. Nyuma ya kosa hili mara nyingi kuna hofu ya ISO kubwa, na hofu hiyo huzaa pia kosa la pili, kwa sababu anayeogopa chenga hubaki ISO 400 msituni na kulazimika kupiga kwa 1/125. Mweleze kwamba chenga za ISO 1600 au 3200 huweza kupunguzwa baadaye kwa kiasi cha kuridhisha, lakini manyoya yaliyofutwa na mwendo hayarejeshwi hivyo.

Hatua ya 6: Soma mwanga na rangi

Ndege weupe, kama yangeyange, ndio mtihani mkubwa. Akisimama mbele ya kivuli, kamera hupima giza lililomzunguka, huongeza mwanga, na kifua chake kinageuka bamba jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Kuza picha uone kama nyuzi za manyoya zipo, na tazama histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha kuanzia giza kushoto hadi weupe kulia, kama imegandamana kwenye ukingo wa kulia. Kama zimepotea, mshauri wakati mwingine apunguze mwanga kwa stopu moja hivi (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuongeza mara mbili), na apige kwa faili ghafi (RAW), ambalo huhifadhi maelezo mengi zaidi katika sehemu angavu kuliko faili la JPEG. Ndege aliye mbele ya anga nyeupe hupatwa na kinyume chake: hugeuka kivuli cheusi, na dawa ni kuongeza stopu moja au mbili.

Kuhusu saa ya kupiga, usiishie kusema kwamba jua la mchana ni baya. Onyesha lilichofanya katika picha hii hasa, kwa mfano kivuli kilichoangukia jicho au mpaka mkali unaokata kifua vipande viwili.

Kuwa mwangalifu na rangi. Rangi inayong'aa ya chozi haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali na jinsi tabaka nyembamba za unyoya zinavyoakisi mwanga, ndiyo maana ndege yuleyule huwaka kijani akielekea upande mmoja na kuonekana mweusi akigeuka kidogo. Kumwambia mpiga picha aongeze rangi katika picha ya namna hiyo ni kumpotosha; ulipaswa kumwambia abadilishe pembe. Kwa upande mwingine, ukiona kijani cha majani kinachoumiza macho na ndege mwenye rangi kali kuliko alivyo porini, sema waziwazi kwamba rangi zimezidishwa na kwamba maelezo madogo ya manyoya yamezama ndani yake.

Hatua ya 7: Kagua kingo, mandharinyuma na nafasi

Zungusha macho kwenye kingo zote nne za fremu. Hapo utakuta ncha ya bawa iliyokatwa, mkia uliobaki nje, kipande cha tawi angavu kinachoingia kutoka pembeni. Bawa lililokatwa kidogo tu huonekana kama ajali; likikatwa kwa kiasi kikubwa na kwa uamuzi, kama katika picha ya karibu ya kichwa na bega, huonekana kama chaguo.

Kisha tazama kilicho nyuma ya ndege. Kijiti kinachoonekana kuchomoza kichwani, au mstari wa upeo unaopita shingoni, vingeweza kuondoka kwa mpiga picha kusogea hatua moja kushoto au kuchuchumaa. Mandharinyuma hulainika kadiri ndege anavyokuwa karibu na kamera na mbali na kilicho nyuma yake, na hilo hufanya kazi kubwa kuliko kufungua tundu la lenzi peke yake. Mpe ushauri huu yule anayeamini kwamba hana lenzi ya kutosha.

Maji yaliyotulia lazima yawe mlalo. Ni kosa dogo, linasahihishika kwa sekunde chache, na hakuna haja ya kuliandikia aya nzima.

Unapopendekeza picha ikatwe, hesabu gharama. Kuukata upana nusu na urefu nusu huacha robo ya pikseli: picha ya megapikseli 24 hubaki na 6, na kila kasoro ya ukali na chenga hukuzwa pamoja na ndege. Pendekezo la kukata liende sambamba na eneo kamili unalolikusudia, mfano kuondoa theluthi ya kulia ili nafasi ibaki upande ambao ndege anaangalia. Wengi hutaja kanuni ya theluthi, ile ya kumweka mhusika theluthi moja kutoka ukingoni badala ya katikati, kana kwamba ni sheria. Mimi naona ni afadhali uulize kama nafasi tupu iliyomo kwenye picha inafanya kazi: inampa ndege mahali pa kwenda, inaonyesha makazi yake, au imebaki tu?

Hatua ya 8: Uliza ndege alikuwa katika hali gani

Hatua hii huachwa na wengi kwa kuogopa kumuudhi mtu, nami naiona kuwa nzito kuliko zote zilizotangulia. Picha inayosifiwa hufundisha wengine namna ya kupiga, na sifa tunayoitoa kwa picha iliyomgharimu ndege kiota chake itazaa picha nyingine kumi za aina hiyo.

Alama za usumbufu huonekana ukizijua. Ndege aliyebana manyoya mwilini, akanyoosha shingo na kuikazia kamera macho amekwisha kushtuka. Mzazi aliyeshika chakula mdomoni bila kwenda kiotani huenda anasubiri mtu aondoke, na makinda wanangoja naye. Baadhi ya ndege wanaotaga ardhini hujifanya wamevunjika bawa na kujikokota ili wamvute adui mbali na mayai. Picha ya kitendo hicho inaweza kuwa ya kuvutia sana, lakini maana yake ni kwamba mpiga picha alikuwa karibu kupita kiasi. Kiota kilichoachwa wazi, huku majani yaliyokificha yakiwa yamekatwa au kusukumwa kando, kimefunguliwa pia kwa jua na kwa wawindaji. Kundi zima linaloruka kwa pamoja likiipa kamera mgongo huenda limefukuzwa. Wazazi wenyewe huweza kupigana: mpiga picha mashuhuri wa ndege wa Uingereza, Eric Hosking, alipoteza jicho lake moja mwaka 1937 aliposhambuliwa na bundi aliyekuwa akilinda makinda.

Uliza pia kuhusu chambo, sauti za ndege zilizorekodiwa na kuchezwa ili kumwita ndege, na kama kiumbe alikuwa huru au wa kufugwa. Mambo haya hayafanani kwa uzito, lakini mtazamaji ana haki ya kuyajua. Mwaka 2018 waandaaji wa shindano la Wildlife Photographer of the Year, ambalo huendeshwa na Natural History Museum ya London, waliiondoa picha iliyokuwa imeshinda katika mojawapo ya makundi ya mwaka uliotangulia, baada ya wataalamu kuhitimisha kwamba mnyama mla-mchwa aliyeonekana ndani yake alikuwa amekaushwa na kujazwa. Mpiga picha alikana. Laiti mtu angeuliza mapema kuhusu mnyama huyo na fremu nyingine za usiku ule, jambo hilo lingeweza kuchunguzwa kabla ya tuzo kutolewa.

Namna ya kuuliza ina uzito. Usimshutumu mtu mbele ya wengine kwa alama moja, kwa sababu lenzi ndefu na kibanda cha kujifichia huweza kumleta ndege karibu bila kumgusa. Mwandikie faraghani: "Naona mzazi ana chakula mdomoni na anaitazama kamera. Je, alikwenda kiotani baadaye? Ulikuwa umbali gani?" Jibu likionyesha kwamba ndege alisumbuliwa, mweleze athari yake na umwombe asiisambaze picha hiyo. Kwa spishi adimu au zinazowindwa, mkumbushe aondoe taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili, kwani kamera na simu nyingi huziandika zenyewe.

Hatua ya 9: Chagua machache na uyaandike

Kufikia hapa huenda una mambo kumi na mawili. Usiyapeleke yote. Mtu anayeanza hawezi kubeba zaidi ya mawili au matatu kwa safari moja, na orodha ndefu humfanya adhani kwamba hakuna kilichofaa. Chagua yale ambayo yakibadilika yataibadilisha picha inayofuata zaidi, na uyapange kwa uzito. Mzoefu anaweza kupewa mengi, hasa akiomba.

Tenga makosa na mapendeleo. Jicho lililokosa fokasi katika picha ya sura ni kosa. Kupenda mandharinyuma ya kijani kuliko ya kahawia ni ladha yako, na ladha itanguliwe na maneno "kwa macho yangu" au "mimi ningependelea". Zungumzia picha badala ya mtu: andika "tawi linapita nyuma ya kichwa" badala ya "hukuangalia tawi". Epuka pia lugha ya hakika mahali ambapo unakisia. Ukisema "inaelekea kamera ilitikisika, kwa sababu tawi nalo limevutwa upande uleule", unamwachia nafasi ya kukusahihisha kwa yale anayoyajua yeye aliyekuwa pale.

Chukua mfano wa picha ya mdiria mwenye samaki mdomoni, iliyopigwa kwa 1/250 ya sekunde, ISO 400, lenzi ya milimita 400. Maoni yake yangeweza kuandikwa hivi:

"Kilichonivuta kwanza ni samaki, kwa sababu anang'aa na mandharinyuma ni ya giza na imetulia, kupiga ukiwa chini karibu na usawa wa maji kumesaidia sana hapo. Kisha nikaenda kwenye jicho, na lenyewe ni laini kidogo. Tawi alilotua ni kali na miguu yake pia, kwa hiyo sidhani kama fokasi au mikono yako ina tatizo. Nadhani alikuwa akitikisa kichwa ili ampige samaki kwenye tawi, na 1/250 haikutosha kumsimamisha. Ungepandisha ISO hadi 1600, ungepata 1/1000 kwa mwanga uleule. Jambo la pili ni dogo: tawi angavu la kulia linanivuta nje ya fremu, na ukilikata picha haitapoteza kitu. Je, katika mfululizo huo una fremu ambayo kichwa kilikuwa kimetulia kati ya pigo moja na jingine?"

Tazama kwamba hesabu ya ISO imefanywa kwa ajili yake, kwamba chanzo kimetolewa ushahidi ulio ndani ya picha, na kwamba swali la mwisho linaweza kuleta picha bora ambayo tayari anayo.

Hatua ya 10: Baki kwa mazungumzo

Mpiga picha akikujibu kwamba tawi la kulia aliliacha kwa makusudi kwa kuwa ndilo linaloonyesha mahali mdiria anapowindia, mwombe aeleze zaidi kabla ya kujitetea, na kama hoja yake imekushawishi, mwambie. Akirudi na fremu nyingine kutoka mfululizo uleule, ziweke mbili kando kwa kando na umwache yeye kwanza aseme ipi ni bora na kwa nini, ndipo uongeze lile ambalo hakuliona. Na akirudi baada ya wiki kadhaa na picha mpya iliyopigwa kwa 1/1000, anzia pale mlipoachia: angalia jicho, uone kama safari hii limetulia.